Bodaboda inayopima pumzi ya jiji

Ukipanda bodaboda Kampala saa moja asubuhi, ukiteremka kutoka Wandegeya kuelekea Old Taxi Park, jiji linakuingia puani kabla hujaliona vizuri. Vumbi jekundu la pembeni mwa lami, moshi wa dizeli wa gari lililokwisha kutumika miaka mingi kwingine kabla ya kuletwa huku, moshi wa mkaa wa kijana anayekaanga chapati za mayai, na mahali fulani ambapo huwezi kupaona, mtu anachoma taka. Katika msongamano huo zimepita bodaboda zenye mzigo wa ziada: mkebe mdogo unaovuta hewa, kuhesabu vumbi lisiloonekana kwa macho, na kutuma hesabu yake kwa mtandao wa simu hadi Chuo Kikuu cha Makerere.

Hapo nilikwama kwanza kwenye neno. Mafundi wengi wangeuita mkebe ule "sensa". Lakini kwetu Tanzania sensa ni ile ya tarehe 23 Agosti 2022, karani ameshika kishikwambi anabisha hodi kuuliza nani alilala humu usiku wa kuamkia leo, mpaka tukapatikana watu 61,741,120. Wanaokilinda Kiswahili wanapendelea "kihisi", yaani kitu kinachohisi, nami nitalishika hilo. Ila ukifikiri vizuri, waliosema sensa hawakukosea sana. Mkebe ule ni karani kweli, isipokuwa nyumba anazobisha hodi ni za hewa, na anaowahesabu ni wageni tusiowaalika mapafuni mwetu.

Wageni hao ni chembechembe laini ambazo wataalamu wameziandikia PM2.5, maana upana wake hauzidi mikroni 2.5. Unywele wa mtu una upana wa mikroni 70 hivi, kwa hiyo unaweza kupanga chembe hizo karibu 30 bega kwa bega juu ya unywele mmoja. Vumbi kubwa, lile linalokufanya upige chafya, pua hulinasa na koo hulitema. Hili laini halisimamishwi na mtu getini. Linashuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na sehemu yake huvuka kuingia kwenye damu, ndiyo maana madaktari hawalihesabu kwenye kikohozi na pumu tu. Wanalihesabu pia kwenye shinikizo la damu, kiharusi na mshtuko wa moyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu, ya nje na ya ndani ya nyumba kwa pamoja, huua watu wapatao milioni 7 kila mwaka. Mwaka 2021 shirika hilo lilishusha kiwango kinachopendekezwa cha wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Kwa kipimo hicho, asilimia 99 ya wanadamu wanavuta hewa isiyofaa.

Asilimia 99 ni namba inayokaribia kutosema lolote. Kama kila mtu ni mgonjwa, hakuna mgonjwa. Mkazi wa Kampala, Nairobi au Dar es Salaam anataka namba iliyo karibu naye: hewa ya stendi hii ambako mke wangu anauza maji, hewa ya shule ile ambako mtoto anacheza mpira saa nne. Na kwa namba ya namna hiyo, miji yetu ilikuwa gizani kabisa hadi juzi.

Sababu ni bei. Mashine inayokubalika na maabara, ile inayokusanya vumbi kwenye utepe na kulipima kwa miale ya beta, hununuliwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Inataka chumba chenye kiyoyozi, umeme usiokatika na fundi aliyesomea. Kampala ilikuwa na mashine ya namna hiyo kwenye ubalozi wa Marekani tangu 2017, na kwa mwaka 2018 ilionyesha wastani wa karibu mikrogramu 40, mara nane ya kiwango kinachopendekezwa leo. Lakini hiyo ilikuwa mashine moja, nyuma ya ukuta wa ubalozi, katika jiji la vilima na mabonde. Kwenye mabonde ndiko waliko maskini na ndiko moshi wa usiku unakolala, kwa sababu hewa baridi ni nzito, hushuka, na haina haraka ya kuondoka mpaka jua lipande. Mashine ya ubalozi haikuwa na la kusema kuhusu bonde.

Mradi wa AirQo ulianza Makerere mwaka 2015 kutokana na upungufu huo. Anayeuongoza ni profesa wa sayansi ya kompyuta, Engineer Bainomugisha. Engineer hapo si cheo, ni jina lake la kwanza, na sijui kama wazazi wake walikuwa wanaomba dua au wanatoa agizo, ila limemkaa. Timu yake ilitaka kifaa ambacho hakikuwepo dukani: cha bei nafuu, kinachostahimili joto na vumbi la barabara ya udongo, kinachoweza kujitegemea kwa sola umeme ukikatika, na kinachotuma taarifa kwa mtandao wa simu wa kawaida kwa sababu huwezi kutegemea intaneti ya waya kwenye nguzo ya Bwaise, mtaa wa bondeni hapo Kampala. Wakakiunda wenyewe, hapohapo chuoni.

Kazi inayofanyika ndani ya mkebe ni rahisi kueleza. Feni ndogo huvuta hewa kupita mbele ya mwanga wa leza. Kila chembe ikipita hutawanya mwanga, na jicho la kielektroniki huhesabu mimeto. Umewahi kuona vumbi likicheza kwenye mwale wa jua unaoingia kwa tundu la bati? Ni hicho hicho, isipokuwa karani wetu huyu hachoki kuhesabu. Mikebe mingine hufungwa kwenye kuta za shule, ofisi na nguzo. Mingine ilipandishwa bodaboda, kwa hoja ambayo mtu wa Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa: hakuna chombo kinachofika kila kichochoro kama hicho. Google iliupa mradi dola milioni 1.3 mwaka 2019 na nyingine milioni 3 mwaka 2022, na mikebe ikavuka mipaka kwenda miji kama Nairobi, Bujumbura, Accra na Yaoundé.

Msomaji mkaidi, nami nampenda msomaji mkaidi, atauliza: kifaa cha bei chee kinaaminika vipi? Swali zuri, na jibu lake lipo sokoni. Muuza nyanya ana mizani. Mizani ile peke yake haina maana mpaka Wakala wa Vipimo apite na mawe yake yanayojulikana uzito, aipime, aigonge muhuri. Asipopita, utauziwa kilo yenye gramu 800, na mkulima naye atauza lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, akidhani ni gunia. Kihisi cha leza kina ulaghai wake wa asili. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, chembe hunywa maji na kuvimba, na mkebe huzihesabu kama kubwa kuliko zilivyo. Msimu wa mvua mkebe unaweza kupiga kelele bila sababu. Kwa hiyo mikebe kadhaa hukaa wiki nyingi bega kwa bega na mashine kubwa ya maabara, tofauti kati yao zinaandikwa, kisha programu ya kompyuta inajifunza kusahihisha: unyevu ukiwa hivi na joto hivi, punguza kiasi hiki. Mashine moja ya bei mbaya inakuwa jiwe la mizani kwa mikebe mingi ya bei nafuu.

Ndiyo maana habari ya Machi 2025 iliwauma watu wa fani hii. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilisitisha kutangaza vipimo vya hewa kutoka kwenye balozi zake, zaidi ya 80 duniani, kazi iliyokuwa imeanzia Beijing mwaka 2008. Sababu iliyotajwa ni bajeti. Miji ambayo ilikuwa haina namba nyingine yoyote ya kuaminika ililala ikiwa na macho, ikaamka kipofu. Kampala haikuwa hivyo, kwa sababu kufikia siku hiyo mtandao wa mikebe ulikuwa tayari kazini na Mamlaka ya Jiji la Kampala ilikuwa imezoea kuusoma. Mimi nalichukulia hilo kuwa jambo kubwa kuliko teknolojia yote iliyomo ndani ya mkebe.

Nairobi ilipita njia yake. Mwaka 2016 watafiti waliweka vihisi katika sehemu sita, kuanzia makao ya Umoja wa Mataifa kule Gigiri, penye miti na nyasi zilizokatwa, mpaka Viwandani, penye mabati, viwanda na jaa. Gigiri na Viwandani ni jiji moja, kaunti moja, lakini si hewa moja. Baadaye Code for Africa, shirika la wanahabari na watengeneza programu, lilianzisha sensors.AFRICA kwa kuazima maarifa kutoka Stuttgart, Ujerumani, ambako mwaka 2015 kundi la wananchi wenye kupenda kompyuta lilianza kuwafundisha majirani kujiundia vihisi kwa vipande vya bei ndogo na kuvitundika dirishani. Stuttgart ni mji wa magari, uko bondeni kama bakuli, na wakazi wake walikuwa wamechoka kuambiwa usafi wa hewa yao na mashine chache za serikali. Leo mtandao huo uliozaliwa kwenye madirisha ya Wajerumani umesambaa duniani.

Halafu kuna sauti, ambayo wengi hatuihesabu kuwa uchafu. Barcelona kuna uwanja mdogo uitwao Plaça del Sol, mahali pa vijana kukaa kwenye ngazi na kunywa mpaka usiku wa manane. Wanaoishi juu yake walilalamika miaka na miaka, wakajibiwa kama tunavyojibiwa sote tukilalamikia baa au mkesha: hiyo ni burudani ya watu, vumilieni. Mwaka 2017 wakapewa vihisi vya kelele, wakavifunga kwenye roshani zao, wakakusanya usiku baada ya usiku. Namba zikafika desibeli 100 kwa nyakati fulani, wakati Shirika la Afya Duniani lilishapendekeza chumba cha kulala kisizidi 30. Wakaenda nazo halmashauri. Ratiba ya magari ya taka ikabadilishwa na ngazi za kukalia zikageuzwa kuwa vitanda vya maua. Ni maua tu, lakini watu walianza kulala.

Wakazi wa Barcelona walijua kelele ipo kabla ya kihisi. Mama wa Bwaise anajua moshi upo, kifua chake kimemwambia. Kihisi hakikuwafundisha chochote. Kiliwapa tu kitu cha kuweka juu ya meza ya mkubwa ambacho mkubwa hawezi kukijibu kwa "vumilieni".

Marekani walianza kwa matarajio makubwa zaidi, na kuna la kujifunza humo. Chicago ina kidonda cha kiafya inachokikumbuka: Julai 1995 joto kali la siku chache liliua watu 739 zaidi ya kawaida, wengi wao wazee waliokuwa peke yao kwenye vyumba vya ghorofa, madirisha yamefungwa kwa hofu ya wezi. Kipimajoto cha uwanja wa ndege hakikuweza kusema chumba cha bibi mmoja kwenye mtaa wa matofali kina joto gani. Mwaka 2016 watafiti wa maabara ya Argonne na Chuo Kikuu cha Chicago, wakiongozwa na Charlie Catlett, walianza kufunga kwenye nguzo za taa vifaa walivyovipa jina la Array of Things. Kimoja kilipima joto, unyevu, mtikisiko, mwanga, kelele, gesi kadhaa, na kilihesabu magari na wapita njia. Walitaka vifaa 500. Zaidi ya 100 vilifungwa, 500 havikufika. Vihisi vya gesi vya bei nafuu huchoka haraka, nguzo zinataka gari la ngazi na fundi kila kitu kikiharibika, na fedha za utafiti zina tarehe ya mwisho. Taarifa zote ziliwekwa wazi kwa umma, hilo liwe sifa yao, na mengi waliyojifunza yakaenda kwenye miradi iliyofuata. Lakini mtu akikuuzia "jiji lenye akili" kwa michoro ya rangi, muulize nani atapanda ngazi mwaka wa tatu.

Chicago pia waliuliza mapema swali ambalo wengine walichelewa kuliuliza. Mpango wa awali ulikuwa kuhesabu watu kwa kunasa ishara za simu zao. Watu wakahoji, wazo likaachwa. Kamera zilizomo zilifanya hesabu hapohapo kwenye nguzo na kuifuta picha.

San Diego hawakuwa na bahati hiyo. Mwaka 2016 baraza la jiji lilipitisha taa mpya za barabarani, zikielezwa kuwa za kubana umeme, kupima msongamano na kusaidia maegesho. Taa zaidi ya 3,000 zikafungwa vihisi na kamera. Mwaka 2018 polisi wakaanza kuchukua picha zake kwenye upelelezi, na wananchi wengi wakaja kujua mwaka uliofuata kwamba taa walizozilipia zilikuwa zinawatazama. Ilipofika Septemba 2020, katika hasira za mwaka ule dhidi ya polisi, meya akaamuru zizimwe. Mwaka 2023 baraza likaidhinisha taa nyingine zenye kamera, safari hii waziwazi kwa ajili ya polisi. Unaweza kukubaliana na uamuzi huo au usikubaliane, lakini angalau ulipigiwa kura ukiitwa kwa jina lake.

Nayataja haya kwa sababu miji yetu imeanza kuzungumza lugha hiyo hiyo ya majiji yenye akili, na wauzaji wapo lobi za hoteli. Sheria tunazo: Kenya na Uganda walipitisha zao za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022. Kihisi cha vumbi hakihitaji kujua jina la mtu yeyote. Mkebe wa Makerere hauna jicho la kamera, na hilo ni sehemu ya uaminifu wake. Siku utakapoambiwa kwamba ili kupima moshi lazima uso wako urekodiwe, ujue kinachopimwa si moshi.

Nirudi kwenye afya, na kwa mtoto mmoja. Ella Adoo-Kissi-Debrah alikuwa na asili ya Ghana na aliishi kusini mashariki mwa London, karibu na barabara ya South Circular, moja ya barabara zenye magari mengi mno. Alikuwa na pumu kali. Alifariki Februari 2013 akiwa na miaka 9. Mama yake, Rosamund, hakukubali kwamba ni pumu tu iliyokuja na kuondoka na mtoto wake. Karibu na nyumbani kwao kulikuwa na kituo cha kupima hewa, na namba zake zilikuwa zimetunzwa. Daktari bingwa Stephen Holgate alizilinganisha na tarehe ambazo Ella alikimbizwa hospitali. Desemba 2020 hakimu anayechunguza vifo alitamka kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake, ikawa mara ya kwanza Uingereza kuiandika hivyo kwa mtu mwenye jina. Mama wa Mbagala, Dar es Salaam, au Kayole, Nairobi, ambaye mwanawe amekufa kwa pumu hana wa kumlinganishia tarehe na namba, kwa kuwa namba hazikuwahi kuandikwa. Cheti cha kifo kitasema ugonjwa wa njia ya hewa, na mambo yameisha.

Nina ubishi wangu na vihisi vya nguzoni, hata hivyo, na ubishi huu uko jikoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa ndani ya nyumba uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Wengi wa wanaouvuta ni wanawake na watoto walio karibu na jiko la kuni au mkaa, na nguzo ya taa haiingii jikoni kwa mtu. Unaweza kuwa na ramani nzuri ya jiji, mitaa ikiwa kijani na njano, huku pumzi chafu kuliko zote zinavutwa nyuma ya pazia lililo mita mbili kutoka kwenye nguzo. Mkakati wa nishati safi ya kupikia wa Tanzania, wa 2024 hadi 2034, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ufikapo mwaka wa mwisho. Lengo hilo nalo lataka kipimo, na kipimo kisiishie kwenye mitungi ya gesi iliyogawiwa. Najua nyumba zaidi ya moja ambamo mtungi uliogawiwa kwa picha na hotuba sasa hivi ni kiti cha kukalia.

Hapa Dar mazungumzo haya bado ni machanga. Wiki iliyopita, ndani ya bajaji kwenye foleni ya Ubungo, nilimwambia dereva kwamba naandika habari za hewa. "Mzee wangu," akasema, "hewa ya Dar ina shida gani? Si ya baharini hii?" Ana hoja. Upepo wa bahari hutusafishia jiji mchana bila kututoza chochote, na Kampala haina bahati hiyo. Lakini upepo hulala usiku, na wakati huo ndipo taka zinapochomwa. Mtaani kwetu asubuhi nikifuta meza ya kibarazani, ikifika jioni naandika jina langu juu yake kwa kidole. Saa mbili usiku unaanza moshi wa mifuko na chupa, tunafunga madirisha, na kesho yake kila mtu anasema ni mafua ya msimu.

Sheria ya kupima tunayo. Kanuni za viwango vya ubora wa hewa zimekuwepo tangu 2007, chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004. Viwango vilivyoandikwa bila vipimo vya kutosha mitaani ni kama mwendo wa juu wa kilomita 50 barabara ambayo trafiki hana tochi. Na si kwamba hatuwezi kubadilisha hewa tukiamua. Petroli yenye risasi iliondolewa vituoni kote kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006, na kizazi cha watoto kikaepushwa sumu ya ubongo bila hata kujua. Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zikahamia kwa pamoja kwenye dizeli yenye kiwango kidogo cha salfa. Yote mawili yalikuwa maamuzi ya mezani, yaliyofanywa na watu waliokuwa na namba mbele yao.

Kinachonisumbua ni kwamba namba zetu zikipatikana, huenda zikaishia kwenye semina. Nimehudhuria semina za namna hiyo. Kuna ramani ukutani, kuna chai ya saa nne, kuna bahasha ya nauli, na mwishoni kuna azimio la kuitisha semina nyingine. Namba ya hewa inatakiwa kufika kwa mwalimu mkuu kabla hajapiga kengele ya michezo. Inatakiwa kufika kwa diwani kabla ya kikao kinachogawa fedha za kuzolea taka, kwa daktari wa zamu anayejiuliza kwa nini watoto wenye pumu wamejaa usiku huu, na kwa trafiki anayeliacha lori linalotapika moshi mweusi lipite kwa kuwa taa zake zinawaka. Kampala wametengeneza programu ya simu inayomwonyesha mkazi hewa ya eneo lake. Ni hatua, ingawa mama mwenye simu ya tochi haimfikii.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakubwa wa jiji hili si kubwa. Sihitaji kituo cha kuongozea jiji chenye skrini ukuta mzima. Fungeni vihisi vichache kwa kuanzia: kwenye stendi, karibu na dampo la Pugu, kwenye ukuta wa shule iliyoko kando ya barabara kuu, na kimoja jikoni kwa mama lishe akiridhia. Vipelekwe kwenye mashine kubwa vikapimwe kwanza, kama mizani ya sokoni. Wekeni fedha za fundi wa mwaka wa tatu kabla ya fedha za uzinduzi. Halafu kila asubuhi mtu aandike namba ya jana kwa chaki kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya serikali ya mtaa. Wa kwetu una tangazo moja tu, la mkutano uliokwisha fanyika, na nafasi iliyobaki inatosha.